Salamu kwa Kamati ya Jimbo

Mwenyekiti aliponikata maneno, nilikuwa bado sijatoka kwenye salamu.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, miwani ameiteremsha hadi ncha ya pua, mkononi ana nyundo ndogo ya mbao. Hakuigonga. Aliigusisha tu mezani, kama mtu anayetua kikombe karibu na mtoto aliyelala. Wifi yangu Achieng, aliyekuwa ameketi mbele yao kwenye meza ya mashahidi akinitafsiria, alinyamaza katikati ya sentensi. Kwenye meza hiyo kulikuwa na taa tatu ndogo, na ya mwisho, nyekundu, ilikuwa imeshawaka. Dakika zangu mbili zilikuwa zimekwisha, na juu ya vita sikuwa nimesema hata neno moja.

Mimi nilikuwa Maskati, mtaa wa Ansab, nimekaa kwenye zulia la Bi Shariffa, tableti yake nimeiegemeza kwenye chupa ya kahawa. Ilikuwa Ramadhani. Sahani za futari zilikuwa bado chini, na harufu ya sambusa ilikuwa haijatoka kwenye mapazia. Huku ilikuwa saa mbili kasorobo usiku. Kule, kwenye jimbo moja la Marekani lenye mahindi mengi na mto mmoja mkorofi, ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, na jua la baridi lilikuwa likiingia kwa madirisha marefu ya ukumbi. Watu kumi na mmoja walinitazama kutoka kwenye meza iliyopinda kama mundu. Nami nikawatazama.

Sikuogopa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kuogopa kunataka nafasi kichwani, na kichwa changu jioni ile kilikuwa kimejaa kaka yangu.

Josphat alikuwa amenipigia simu wiki mbili kabla, Ijumaa, siku yangu ya kupumzika. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Alipata kibali cha kuishi Marekani kwa ile bahati nasibu yao, akaenda, akaoa Mkenya mwenzake, akawa fundi wa malori. Na kwa sababu alitaka kusoma, alijiandikisha pia kwenye jeshi la akiba la jimbo lake. Hilo si jeshi la kulala kambini. Wikendi moja kila mwezi anavaa magwanda; siku zilizobaki ana mafuta ya breki kwenye kucha. Mto ukivunja kingo, wao ndio wanaojaza mifuko ya mchanga na kutoa watu majumbani. Alinitumia picha moja mwaka wa mafuriko: yeye ndani ya maji ya kifuani, mgongoni kabeba ajuza mnene aliyekumbatia paka, na paka ndiye pekee anayeitazama kamera. Picha hiyo niliipenda kuliko ya harusi yake.

Ijumaa ile sauti yake ilikuwa ya chini. Kikosi chao kilikuwa kimeambiwa kijiandae kwenda ng'ambo, kupigana. Nchi hawakutajiwa. Vita vyenyewe, alisema, havikuwa vimewahi kutangazwa. Bunge kuu la nchi yao, lile lenye kazi hiyo kwa katiba, halikuwa limepiga kura, mwaka huo wala miaka iliyotangulia. Watu walikuwa wakipelekwa tu, kundi baada ya kundi. Sasa kwenye bunge dogo la jimbo kulikuwa na mswada wa ukurasa mmoja na nusu. Ulisema jeshi la akiba la jimbo lisipelekwe kupigana nje ya nchi mpaka Bunge kuu litangaze vita lenyewe, kwa kura. Kamati ilikuwa ikisikiliza maoni. Mwenye ndugu kwenye jeshi hilo aliruhusiwa kusema, hata kwa video, hata akiwa wapi.

Nikamuuliza kwa nini asiseme mwenyewe.

"Hatuwezi kusimama na kupinga amri, Velma. Mkubwa wetu ametukumbusha mara mbili. Achieng naye ameajiriwa na jimbo, anaweza kutafsiri lakini hawezi kutoa maoni. Mama tulishamzika Vihiga. Umebaki wewe."

Nikasema mimi nimeishia darasa la nane. Akacheka kidogo, akasema hawajauliza cheti. Halafu akasema maneno ambayo nimeyashika hadi leo.

"Sikuombi unitoe. Nikiitwa nitaenda, nilitia sahihi. Nataka tu mtu awaulize ni nani anayetuita."

Lazima niseme kidogo juu ya darasa la nane. Mwaka nilioumaliza ndio mama yetu alipoanza kuugua, na nilikaa naye miaka minne kitandani kwake, yeye amelala, mimi nimekaa. Sikujifunza hesabu wala jiografia. Nilijifunza kutazama. Mgonjwa hakuambii anapoumia. Anakuambia anataka maji, au anasema mlango umeachwa wazi, na wewe ndiye wa kujua kwamba maumivu yako kiunoni. Kazi hiyo ndiyo iliyonileta Oman. Bi Shariffa alipokuwa akitafuta msichana wa kukaa naye, waliletwa watatu, na baadaye aliniambia kwamba mimi ndiye niliyesogeza mto nyuma ya mgongo wake kabla hajauomba.

Bi Shariffa alizaliwa Tabora, akalelewa Unguja, akaja Maskati akiwa msichana miaka ambayo Waomani wengi wa Afrika walikuwa wakirudi. Kiarabu alikuwa nacho cha mlangoni na cha sokoni. Kiswahili ndicho cha ndani. Mwanawe wa kiume, Taimur, alikuwa akiishi orofa ya juu na kufanya kazi wizarani. Binti yake, Fajr, alikuwa ameolewa Ghubra, kwenye nyumba isiyoisha wageni.

Na Fajr ndiye aliyenifundisha juu ya jeshi la akiba, ingawa hakujua anafundisha.

Mwaka wangu wa kwanza, kila alipopata wageni alimtuma dereva wake. Gari lingesimama mlangoni, dereva angesema, mama kasema uje, nami ningeenda. Mama yupi, sikuuliza. Nilidhani Bi Shariffa amekubali. Bi Shariffa alidhani Taimur amekubali. Taimur alidhani mambo ya wasichana wa kazi si yake. Safari moja nilikaa Ghubra siku nne nikikata vitunguu vya harusi, na niliporudi nilimkuta Bi Shariffa kwenye kiti kilekile nilichomwacha, nguo ileile, miguu imevimba kama mihogo. Alikuwa amekula tende na mkate mkavu. Hakunigombeza. Alinitazama, akaomba simu, akampigia binti yake.

"Fajr, skiza. Mkataba wa Velma una jina langu. Ukimtaka, nipigie wewe mwenyewe, useme ni kazi gani na siku ngapi. Mimi ntamuuliza yeye, kisha ntakujibu. Dereva hana mdomo katika nyumba hii."

Fajr alikasirika mwezi mzima. Lakini nilitazama kilichofuata. Alikuwa akiniita kila wiki. Sasa aliniita mara moja kwa miezi mitatu. Wageni hawakupungua. Kilichompunguza ni kule kushika simu na kusema kwa kinywa chake: mama, nataka nikuondolee msichana wako siku nne. Alikuwa akijisikia anavyosema.

Kwa hiyo Josphat aliponieleza ule mswada, wenye maneno ya kisheria yaliyomtoa jasho yeye mwenyewe, nilimwambia nimeuelewa. Hakuamini. Nikamwambia hata tunao nyumbani.

Taimur hakupenda. Alilisema jambo hilo wakati wa futari, kwa upole wake wa kiofisi, macho kwenye bakuli la uji. Haikuwa shughuli yetu, alisema. Lilikuwa jambo la serikali ya watu, lenye jeshi ndani yake, na picha siku hizi hazikai mahali. Kesho mtu angeuliza msichana huyu alisemea nyumba ya nani. Kama ni lazima, yeye angeniandikia barua. Na aliiandika kweli, usiku uleule, ukurasa mzima wa Waheshimiwa na Watukufu, na ombi lenyewe limejificha mstari wa mwisho kama mtu aliyechelewa sala.

Mama yake aliisikiliza yote. Akasema ni nzuri sana, aiweke.

"Anamsemea kaka yake," akamwambia. "Wewe kama waogopa kuonekana, nenda msikitini, tarawehe iko. Sisi tutakuwa hapa."

Basi tukajiandaa, yeye na mimi, na hapo ndipo tulipokosea. Achieng alikuwa ametuonya kwamba kila shahidi ana dakika mbili, na ndani ya hizo mbili kuna tafsiri. Bi Shariffa akasema mbili si haba. Lakini hakutaka hata kusikia kwamba niende kwa wazee na haja mkononi kama mgambo. Huko Unguja, alisema, hata aliyekuja kukuambia nyumba yako inaungua anaanza na hujambo. Na mimi sikubisha, kwa kuwa kwetu Vihiga ni hivyohivyo. Mtu akisimama kwenye baraza huanza na chifu, akashuka kwa wazee, akawapa pole waliofiwa, akawashukuru waliosafiri, akasema yeye ni wa nani na anatoka wapi. Na watu wanamtazama wanavyomtazama fundi anayepima mbao. Asiyeweza kusalimu, nani atamwamini kwa lililobaki? Tulizipanga salamu zetu siku tatu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuzipima kwa saa.

Jioni yenyewe Taimur alikwenda tarawehe, ila kabla ya kutoka aliingia sebuleni bila kusema kitu, akakagua intaneti, akavuta waya wa chaji ukanifikia. Nililiona hilo pia.

Walianza saa moja kamili kwa saa zetu. Kiingereza changu kilishika robo. Robo nyingine Achieng alinitumia kwa ujumbe chini ya meza. Sehemu iliyobaki niliitazama. Nilimwona mwenyekiti akinywa funda la maji kila alipokaribia kumkata mtu. Nilimwona kijana mmoja aliyekuwa akisoma simu yake, na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani aliyeandika kila kitu na hakuamini chochote. Zaidi nilimtazama mzee wa mwisho, upande wa kulia. Alikuwa mkubwa wa mwili, shingo nyekundu, na kwenye koti lake alibandika nishani ndogo ya askari wastaafu. Alisema mara mbili, na mara zote mbili alisema dhidi ya mswada. Jeshi ni jeshi, alisema. Askari hachagui.

Achieng aliniandikia: watano wanakubali, watano wanakataa, na huyo ndiye wa kumi na mmoja. Kila mtu anajua atakataa.

Lakini chini ya meza, iliyokuwa wazi kwa mbele, mkono wa mzee haukutulia. Ulisugua goti la kushoto, ukaacha, ukarudi. Kila baada ya robo saa aliuhamisha mguu mzima kwa mikono miwili, kama mtu anayesogeza kreti, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Uso ule naujua. Ni wa mtu aliyeamua kwamba maumivu ni yake peke yake.

Jina langu likaitwa. Nikaanza.

Nikamsalimu mwenyekiti na kumshukuru kwa kunipa njia. Nikawasalimu wajumbe, wanaume na wanawake, na waliokuja kwa gari asubuhi ile kwenye theluji. Nikasema mimi ni Velma, binti wa Vihiga, Kenya, mama yangu ni marehemu, na kaka yangu ni Josphat, fundi na askari wa akiba wa jimbo lao. Nikawapa pole kwa waliopotea kwenye mafuriko. Nikafikisha salamu za Bi Shariffa, ambaye alikuwa pembeni yangu akitikisa kichwa kila nilipopatia. Taa ya kijani ikazimika, ikaja ya manjano. Sikujua maana yake. Nilidhani ni mapambo. Mwishoni, kwa sababu huwezi kumwona mtu anaumia ukampita, nikasema: na mzee wa mwisho kulia, pole kwa goti.

Achieng alisita. Akaanza kulitafsiri, akafika nusu, na hapo ndipo nyundo ilipogusa meza.

Mwenyekiti alinishukuru na kusema muda wa shahidi umekwisha. Alitaja jina la shahidi anayefuata. Kiti kililalamika mahali fulani nyuma ya Achieng, mtu akawa anainuka. Bi Shariffa alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Na yule mzee akainua kidole kimoja.

Alisema anaomba mtafsiri amalize sentensi, kwani amesikia ikimtaja. Achieng, masikio yamemwiva, akaimaliza. Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya. Mzee hakucheka. Akamwambia mwenyekiti kwamba ana swali kwa shahidi, na nikaona Achieng akinyoosha mgongo, kwa sababu kanuni zao zilikuwa hivi, nami sikuzijua: shahidi akizungumza, saa inakimbia, akiulizwa na mjumbe, saa inasimama.

Akaniuliza nimejuaje habari za goti lake.

Nikamjibu kwamba nilimlea mama yangu miaka minne, na sasa namlea mama mwingine, na kazi yangu ni kutazama. Nikamwambia anyooshe mguu, aweke kitu chini ya kisigino, asiukunje namna ile saa nzima. Kisha akaja na swali lake lenyewe, na sauti haikuwa na tabasamu.

"Kaka yako aliapa. Unatuomba tumsaidie kuvunja kiapo?"

Achieng alinitafsiria polepole, macho yake yakiniomba niwe mwangalifu. Sikuwa na karatasi kwa swali hilo. Nilikuwa na zulia chini yangu, na mkono wa Bi Shariffa juu ya wangu.

"Hapana, mzee. Kaka yangu akiitwa ataenda, ameniambia mwenyewe. Sahihi yake ipo. Mimi naulizia ya upande wa pili."

Akasema niendelee.

Ili niendelee ilibidi niseme ya nyumba hii, na mwenye nyumba ameketi kando yangu. Nilimtazama. Alijua ninakotaka kwenda kabla sijafika, maana na yeye hutazama. Akaondoa mkono wake juu ya wangu, ili niwe huru.

Nikawaeleza. Kwamba mkataba wangu ni wa nyumba moja, na una jina la mtu mmoja. Kwamba nyumba nyingine ilikuwa ikinichukua kwa kumtuma dereva, na kila mtu alidhani mwenziwe ndiye aliyesema ndiyo, kumbe hakuna aliyesema. Kwamba kwa sababu hiyo bibi huyu alikaa peke yake siku nne. Sikusema jina la Fajr. Nikasema kwamba siku ilipowekwa sheria, kwamba anayenitaka aseme mwenyewe, ni kazi gani na siku ngapi, sikukatazwa kwenda. Bado naenda. Ila naenda pale tu mtu anapokuwa na haja ya kutosha kufungua mdomo.

Bi Shariffa akainama mbele ya tableti mpaka paji lake likajaza kioo. "Kweli," akasema. "Siku nne. Nikila tende."

Achieng akatafsiri na hilo.

Nikamalizia. Nakumbuka sikupandisha sauti. Ningepandisha, ingekuwa kama kumwamsha mgonjwa niliyekuwa nikijaribu kumlaza.

"Ninyi mlimwajiri kaka yangu abebe wazee wenu mto ukifurika. Kama kuna vita vinavyomhitaji zaidi ya mto wenu, sawa. Waliopewa kazi ya kutangaza vita watangaze, majina yao yaandikwe. Jambo linalotosha mtu kufa, mzee, linashindwaje kutosha mtu kuinua mkono?"

Alipomaliza kutafsiri, Achieng aliweka viganja vyake mezani, vimelala. Hakuna aliyecheka. Kijana wa simu alikuwa ameilaza simu kifudifudi. Mzee alisema ahsante, hana swali lingine, na nikaona bega lake la kushoto likishuka, taratibu, mtu anaponyoosha mguu chini ya meza.

Walisikiliza wengine watatu, kisha wakapiga kura kwa kuitwa majina. Bi Shariffa alihesabu kwa tasbihi yake, ndiyo upande huu, hapana upande ule. Tano kwa tano. Jina la mzee likaja mwisho.

Akasema ndiyo. Kisha akaongeza, na Achieng aliniandikia neno kwa neno, kwamba watu wasimwelewe vibaya, hajasema anakubaliana na mswada. Anasema utoke kwenye kamati uende kwa bunge zima la jimbo, ili wote wainue mikono, na yeye aone ni ya nani.

Bi Shariffa aliuachia ule uzi wa tasbihi ukaanguka mapajani. Akaniambia nimwondolee sahani, chai imepoa. Nikazikusanya sahani zote, nikazipeleka jikoni.

Ningependa kusema kwamba mswada ulipita. Haukupita. Bunge zima liliukataa kwa tofauti ya kura saba, wiki tano baadaye, mchana wa jua, majina yote yakiwa yameandikwa. Josphat aliondoka Mei. Kabla hajapanda ndege alinitumia ile orodha ya kura, kurasa mbili. Sikuwajua watu wale, lakini niliisoma yote, jina kwa jina, kidole juu ya kioo cha simu, maana hicho ndicho tulichokuwa tumeomba na kilikuwa kimeletwa.

Fajr alikuja siku ya tatu baada ya kamati. Taimur alikuwa amemwambia. Alikaa, akavua miwani ya jua, akauliza kama ni kweli nimewaambia Wamarekani habari zake. Nikasema sikumtaja. Kisha akasema anasikia nimezungumza vizuri, na kwamba Idi ana wageni ishirini, je, ningeweza siku mbili? Aliniuliza mimi, mama yake akisikia. Nikamwambia moja. Akakubali moja.

Miezi tisa Josphat alikuwa mahali ambapo sikuruhusiwa kupajua. Nilijua tu kwamba kwao jua lilichwa karibu na letu. Alipiga simu alipoweza. Sikuwahi kumuuliza kama anaogopa. Nilimuuliza amekula nini, amelala upande gani, na kwa majibu hayo nilijua. Wiki moja ya Oktoba hakupiga kabisa, na Bi Shariffa hakuniomba kitu chochote kwa siku saba, hata maji. Alijichukulia mwenyewe, akishika ukuta.

Kisha akapiga. Na akarudi nyumbani, mzima, isipokuwa sikio la kushoto. Kitu kilikuwa kimelipuka karibu na lori alilokuwa akitengeneza. Hakunieleza. Nililiona kwenye video, namna alivyohamisha simu kutoka mkono huu kwenda ule kila nilipoanza kusema. Mkataba wake na jeshi uliisha mwezi uliofuata. Akarudisha magwanda, akatia sahihi kwamba ameyarudisha yote.

Mswada umerudi mwaka huu. Aliyeuleta ni yule mzee. Sijui lililombadilisha, Achieng anasema alikuwa akiweka ile orodha ya kura kwenye droo ya meza yake na kuwaonyesha watu. Safari hii hawakuhitaji mtu wa Maskati. Josphat sasa ana mdomo wake, na alijiandikisha siku ya kwanza.

Alinipigia juzi kuniuliza aseme nini. Nikamwambia mimi sikuwa huko, yeye ndiye aliyekuwako, basi aseme alichokiona.

Leo tumewafungulia tena, Bi Shariffa na mimi, kwenye zulia lilelile. Taimur yumo, kwenye kiti cha nyuma, amewahi kutoka kazini kwa makusudi. Ukumbi ni uleule na madirisha yaleyale marefu. Kaka yangu ameingia na koti la buluu lililonyoshwa vizuri kuliko anavyoweza mwanamume peke yake, akavuta kiti, akaketi. Halafu akainuka tena nusu, akakigeuza kidogo upande wa kushoto, sikio zima limwelekee mwenyekiti.

Bi Shariffa akasogea, akanipa nafasi. Tukangoja aitwe.